Fundi Bomba na Ukuta Asiouvunja

Maji yakianza kuchuruzika ukutani, mwenye nyumba hutamani kusikia nyundo, aone kitu kinafanyika. Fundi bomba hodari haigusi kwanza. Anauliza geti valvu, yaani koki kuu ya maji, iko wapi, anaifunga, anazima swichi ya pampu na ya hita, kisha anafungua koki ya chini kabisa ili maji yaliyobaki kwenye mabomba yatoke. Hayo hata wewe unaweza kuyafanya kabla hajafika, mradi uijue valvu yako na uizungushe mara kwa mara isije ikakwama.

Baada ya hapo huanza kazi ninayoiheshimu kuliko zote: kutafuta. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina njia mbili, moja kutoka kwenye mita hadi kwenye tangi, nyingine kutoka kwenye tangi kushuka ndani. Ya kwanza huipima kwa mita: boya la tangi likiwa limefunga na hakuna anayechota, kigurudumu kikiendelea kuzunguka, maji yanapotea kabla ya kufika kwenye tangi. Ya pili huipima kwa tangi lenyewe. Anazuia lisijazwe, anatia alama usawa wa maji, koki zote zikiwa zimefungwa, anasubiri aone kama utashuka. Kwa choo anatia rangi kidogo kwenye tangi lake la kuflashi. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo bila mtu kuflashi, raba ya ndani imechoka. Na unyevu unaozidi watu wanapooga tu humwelekeza kwenye bomba la maji machafu au kwenye viungo vya vigae. Ukuta bado mzima, naye ameshapunguza sehemu za kushuku hadi moja.

Hapo ndipo anapovunja, kigae kimoja au viwili. Mtazame anavyounga bomba la plastiki la PPR. Analikata lisiende upande, analifuta likauke kabisa, anatia alama ya kina kwa penseli. Mashine ya kuyeyushia imefika nyuzi 260 za Selsiasi. Kwa bomba la milimita 20, sekunde 5 za moto zinatosha. Analichomoa, analisukuma ndani ya elbo likiwa limenyooka, bila kulizungusha, kisha anatulia nalo hadi lishike. Kwenye mdomo wa kiungo hutokeza ukingo mdogo uliolingana pande zote. Akizidisha moto, plastiki iliyoyeyuka huziba tundu kwa ndani. Akiupunguza, kiungo huja kuvuja ukuta ukishapakwa rangi.

Wapo mafundi waliosoma chuo cha ufundi cha VETA na wapo waliojifunza kwa kumbebea fundi mwingine mfuko wa spana. Nimeona kazi safi kwa wote. Unapotafuta wako, waulize majirani ni nani aliyewafanyia kazi na bado haijavuja. Akija, muulize atajuaje panapovuja. Anayetaja bei ya kuvunja kabla ya kutazama mita au tangi, muage kwa heshima. Nendeni pamoja dukani kununua vifaa, na sehemu ya mwisho ya malipo itolewe maji yakiwa yamefunguliwa na tundu la ukutani halijazibwa.

Na akitumia nusu siku kupima na nusu saa kuunga, mlipe siku hiyo yote. Tumezoea kuthamini jasho la nyundo, ilhali vigae vilivyosalia ukutani ni kazi yake pia, na ndivyo ghali zaidi.