Kinu cha funguo na namba ya mwenye nyumba

Ukipanga chumba karibu na kampasi ya chuo kikuu ya Kasapa, usishangae nenosiri la wifi likiwa namba ya simu ya mwenye nyumba. Langu lilikuwa hivyo. Ndilo lililonisukuma kuandika programu ndogo ya kugeuza nenosiri kuwa ufunguo wa kusimba faili, kwa kujifunza tu. Kwa kazi ya kweli tumia maktaba ambazo wajuzi wameshazichokonoa miaka mingi.

Namba ya simu ya Kongo ina tarakimu 10, na kwa macho ni michanganyiko bilioni 10. Lakini anayebahatisha kwamba inaanza na 099 amebakiwa na tarakimu 7 tu, yaani namba milioni 10. Anayeanza huchukua nenosiri, akalipitisha mara moja kwenye kinu kiitwacho SHA-256, akaridhika kwa sababu unga haurudi kuwa mahindi. Kweli haurudi. Mwizi naye hana haja ya kuurudisha: anasaga mahindi yake mwenyewe, namba moja baada ya nyingine, akilinganisha unga. Milioni 10 ni kazi ya sekunde chache.

Nilifuata mbinu ya PBKDF2, iliyoelezwa katika waraka RFC 2898 wa mwaka 2000. Kwanza chumvi: baiti 16 za nasibu, ambazo Python hukupa kwa os.urandom. Chumvi haifichwi, inakaa wazi mwanzoni mwa faili. Kazi yake ni kwamba wawili wenye nenosiri moja wasipate ufunguo mmoja, na mwizi asiandae jedwali moja la kuwafungua wote. Morris na Thompson wa Bell Labs walieleza jambo hili mwaka 1979 kwa ajili ya Unix, wakati ule chumvi ikiwa biti 12 tu.

Kisha mizunguko. Nenosiri na chumvi, pamoja na namba ya kipande cha ufunguo kinachotengenezwa, huingia kwenye kinu kiitwacho HMAC. Kinachotoka kinarudishwa ndani tena na tena, na kila tokeo linachanganywa na yaliyotangulia kwa XOR. Hapa nilipoteza jioni nzima. RFC 6070 inatoa majibu ya kujipimia: nenosiri “password”, chumvi “salt”, mzunguko 1 kwa SHA-1, jibu lianze na 0c60c80f. Langu halikufanana hata kidogo. Kumbe namba ya kipande niliiandika kama herufi “1”, badala ya baiti nne: 00 00 00 01. Bila jibu la kujipimia ningeamini programu yangu ni nzima, maana takataka za HMAC zinapendeza sawasawa na jibu sahihi.

Mizunguko mingapi? Waraka wa 2000 ulipendekeza angalau 1,000. OWASP, shirika la usalama wa programu, sasa wanashauri 600,000 kwa SHA-256. Tuseme kompyuta yako inahitaji sekunde 0.3 kwa ufunguo mmoja. Wewe huhisi kitu, ila namba milioni 10 zitaichukua karibu siku 35. Inafurahisha, mpaka ukumbuke kadi za picha za michezo ya video: moja yenye nguvu humaliza zote chini ya saa moja. Ndiyo maana Argon2, mbinu iliyoshinda shindano la kusaga manenosiri mwaka 2015, hudai pia kumbukumbu nyingi kwa kila jaribio, jambo linaloibana kadi.

Ruta ya mwenye nyumba haina anasa hiyo. WPA2 yenye nenosiri la pamoja hutumia PBKDF2 ileile kwa mizunguko 4,096, na chumvi yake ni jina la mtandao, ambalo jirani yeyote analiona kwenye simu.

Nilimweleza mzee mwenye nyumba hayo yote barazani. Alisikiliza kwa makini, akatafakari, akauliza kama basi aweke namba ya mama.

“Hapana, papa.”

“Hata ile ya zamani?”