Sheria Iliyolifuta Jiko la Uani

Waliofuatilia Sheria ya Upangaji wa Maeneo na Matumizi ya Ardhi tangu 2019 wamezoea kuzozana juu ya makubwa: nani ana kauli ya mwisho kati ya Nairobi na kaunti, ramani ya mji ikichelewa alaumiwe nani, wapangaji walipwe kutoka mfuko gani. Kosa baya kuliko yote halimo huko. Limo katika kifungu cha tafsiri, kile ambacho msomaji mwenye haraka hukiruka, kwenye mstari unaoeleza ustawishaji ni nini. Mstari huo unasema ni kufanya kazi yoyote juu ya ardhi, au kubadilisha kwa kiasi cha maana matumizi ya ardhi au majengo. Basi. Hakuna "isipokuwa", hakuna kipimo. Jiko la mabati nyuma ya nyumba kule Musikoma na jengo la ghorofa nne katikati ya Kitale vimetiwa kapu moja, na aliyeuandika mstari huo alikosea.

Zamani haikuwa hivi. Sheria ya Upangaji wa Maeneo ya 1996, ile Sura ya 286 ambayo siku hizi inasimangwa katika kila semina, ilikuwa na ukali wake, lakini walioiandika walijua watu wanaishije. Waliorodhesha mambo yasiyohesabiwa kuwa ustawishaji. Ukarabati au nyongeza kwenye jengo lolote ilikuwa huru, mradi nyongeza isizidi asilimia 10 ya eneo la sakafu. Kilimo kiliachwa nje. Kisha likaja lile lililougusa mkoa wa magharibi moja kwa moja: mtu binafsi kujenga nyumba moja ya kuishi nje ya manispaa, mji mdogo au kituo cha mji, au idadi ya vibanda ambayo serikali ya mtaa ingeruhusu kwa sheria zake ndogo, nalo halikuwa ustawishaji. Mwenye nyumba ya mita za mraba 80 angeweza kushikiza jiko la mita 8 kwenye ukuta wa nyuma bila kubisha hodi kwa afisa yeyote. Ndani ya mji banda linalosimama peke yake halikuwa na msamaha huo, kweli. Mwanya ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwepo, na uliandikwa.

Kipimo cha asilimia 10 kilikuwa na kasoro ambayo safu hii imeilalamikia hadi wasomaji wakachoka. Sakafu ilipimwa kama ilivyokuwa siku sheria ilipoanza kutumika, Oktoba 1998, kwa hiyo nyumba iliyojengwa 2005 haikuwa na pa kuanzia hesabu. Hiyo ilikuwa kasoro ya kalamu. Maneno manne yangetosha kuitibu: kama ilivyokuwa jengo lilipokamilika. Waandishi wa 2019 walikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya ushahidi mezani, na walichokifanya ni kufuta msamaha wote.

Tazama kilichofuata. Kifungu cha 57 kinakataza ustawishaji ndani ya kaunti bila kibali cha waziri wa kaunti anayehusika. Kinasema ndani ya kaunti. Hakisemi ndani ya mji. Mpaka wa manispaa, uliokuwa ukimwambia mkulima wa Cheptais kwamba nyumba yake ni shauri lake na ukoo wake, umefutwa kimyakimya. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Sheria ya zamani iliweka 100,000 na kifungo cha hadi miaka mitano. Kifungo kimeshuka, faini imepanda mara tano, na wavu umetandazwa kutoka mjini hadi mlimani. Kwa maneno jinsi yalivyo, mama anayesimamisha banda la kuku Kapsokwony na mwekezaji wa mabweni ya wanafunzi karibu na Chuo Kikuu cha Kibabii wanaingia kizimba kimoja.

Atakayejibu kwamba hakuna kaunti itakayomshtaki mtu kwa sababu ya banda la kuku amesema kweli, na hapo hapo ndipo ubaya ulipo. Sheria ambayo kila mwenye boma ameshaivunja humwachia afisa wa mwisho kabisa kuchagua nani aguswe na nani asiguswe. Jirani mliyegombana naye kuhusu mpaka anajua pa kwenda. Alama nyekundu ya X ukutani inapakwa kwa dakika moja, kuifuta kunataka kitu kidogo. Na msamaha wa namna hii mahali pake ni sheria mama. Ukiachwa kwenye kanuni za waziri au kwenye hisani ya ofisi, unaweza kuondoka pamoja na aliyeutoa.

Hesabu zenyewe hazina cha kutisha. Ploti ya kawaida ya Matisi au Khalaba ni ile hamsini kwa mia. Hizo ni futi. Kwa mita ni kama 15 kwa 30, eneo la mita za mraba 465 hivi. Weka nyumba ya mita 80. Ongeza jiko la kuni la 3 kwa 3, stoo ya mahindi ya 3 kwa 4 na banda la kuku la 2 kwa 2. Jumla ni mita 105, na ploti haijafikia robo kujaa. Ni hatari gani kwa mji inayotokana na mita 25 za mabati, zisizo na ghorofa wala bomba la maji taka? Stoo ya mahindi katika Trans Nzoia si anasa. Huko ndiko gunia linakotoka.

Halafu kuna makaratasi. Ombi la kibali linataka mchoro, linataka ada ambayo kila kaunti hujipangia katika Sheria yake ya Fedha ya mwaka, na zaidi ya yote linataka ushahidi wa umiliki. Hapa ndipo sheria iliyoandikwa kwa ajili ya ploti za Nairobi inapokwama magharibi. Bungoma imejaa mashamba ambayo hatimiliki yake bado iko kwa jina la babu aliyekwisha kuzikwa, kwa kuwa mirathi haijafunguliwa na pengine haitafunguliwa hadi mjomba wa mwisho akubali. Trans Nzoia ina shida ya sura nyingine: mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kampuni za wananchi baada ya uhuru, yakakatwa vipande, na wengi wanaokaa juu ya vipande hivyo wana mkataba wa mauziano au hati ya hisa tu. Hao hawawezi kuomba kibali hata wakitaka. Kwa sheria ya 1996, yule wa shambani angejenga nyumba yake moja na kulala. Kwa ya 2019, ni mkosaji kabla hajapigilia msumari.

Na simba je? Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti inapofika, Wabukusu hutahiri, na kijana aliyetoka jandoni harudi kulala chini ya paa la mama yake. Anajengewa chumba chake uani, na chumba hicho ndicho simba. Msimu wa 2024 umepita na wa 2026 una vijana wake, na kwa kila msimu kuna vyumba vinavyosimama Bumula, Sirisia na Kimilili bila mchoro wala mhuri. Nyumba za Wazungu wa zamani katika Milimani ya Kitale zilijengwa na vyumba vya mtumishi nyuma, na hadi leo mchoraji akikuletea ramani ataweka SQ pale bila kuulizwa. Mtumishi ana mahali katika ramani ya Kenya. Kijana wa nyumbani hana. Hili nalo si geni kwa wasomaji wa safu hii, na litarudiwa mpaka lisikike.

Watetezi wa mstari ule hupenda kusema kwamba nchi zilizoendelea hudhibiti kila tofali. Hawajasoma. England, ambako Kenya iliazima sheria zake za mipango tangu ukoloni, ina amri ya 2015 inayomruhusu mwenye nyumba kujenga banda, stoo au gereji uani bila kuomba kibali cha upangaji, mradi lisitangulie mbele ya nyumba, lisiwe na ghorofa, lisizidi mita 2.5 kwenda juu likiwa ndani ya mita 2 za mpaka, na majengo ya uani yasifunike zaidi ya nusu ya kiwanja. Ruhusa za jinsi hiyo zilianza huko miaka ya 1940. Yaani mwalimu alilegeza miaka themanini iliyopita, mwanafunzi akakaza 2019.

Kwa chumba cha kulala England huwa kali zaidi, na ni haki yake, kwa kuwa simba si stoo. Mfano wa simba uko California. Bunge la jimbo hilo lilipitisha 2016, na tena 2019, sheria zinazoilazimisha miji kukubali nyumba ndogo nyuma ya nyumba kubwa: mji una siku 60 za kujibu, na nyumba isiyozidi futi za mraba 800, yaani mita 74, haikataliwi kwa kisingizio kwamba ploti imejaa. Kenya nayo ina siku 60. Tofauti ni kwamba California inazitumia kwa nyumba nzima yenye jiko na bafu lake, sisi tunazitumia kwa jiko peke yake.

Mengine katika sheria ya 2019 yamefanywa sawa: kimya cha ofisi kwa siku 60 huhesabiwa kuwa kibali, na anayekataliwa ana siku 14 za kwenda kwenye kamati ya rufaa ya kaunti kabla ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya 2024, iliyoanza kutumika Machi 2025, imeistaafisha ile ya 1968, na ilikuwa wakati wake.

Lipo jibu moja la wapangaji wa miji lenye uzito. Ukiacha mlango wazi, wanasema, jiko la leo ni chumba cha kupangisha kesho, na kesho kutwa ni mstari wa vyumba kumi vinavyotegemea choo kimoja cha shimo karibu na kisima cha jirani. Dandora inathibitisha. Mradi ule wa Nairobi wa miaka ya 1970 ulitoa ploti kama 6,000 zenye choo na bafu, mwenyewe aongeze vyumba, na sehemu kubwa ikaishia kuwa magorofa ya kupangisha. Tuwan ya Kitale na Mandizini ya Bungoma zina vyumba vya kutosha vya kuwapa hoja. Lakini kinachotisha hapo ni kupangisha, maji taka na moto, na vyote vitatu vinaweza kutajwa kwa jina katika sheria. Msamaha ungewekewa mipaka: jengo moja la chini lisilozidi mita za mraba 15, umbali wa mita 2 kutoka mpakani, lisipangishwe, lisiwe na choo ndani. Simba lipewe kibali chepesi cha fomu moja. Linalobaki liende kwa mpangaji na mhandisi. Mji wenye wapangaji wachache utawatumia kukagua magorofa, ambako ndiko watu wanakofia.

Kitale ina aibu zaidi katika jambo hili, kwa sababu ilikwishaonyesha njia. Kuanzia 2001, baraza la manispaa la wakati huo na shirika la ITDG, ambalo baadaye likawa Practical Action, walikaa na wakazi wa Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa wakachora mipango ya mitaa pamoja nao. Walianza na kilichopo uani, kisha ndipo wakaja kwenye ramani. Kabla yao Nakuru, katika miaka ya 1990, ilikubali masharti ya ujenzi yaliyolegezwa, kile wanachokiita Code 95, wakati mabaraza mengine yaliyapokea yakayaweka kabatini. Udhaifu wa Code 95 ulikuwa kwamba kila baraza lilipaswa kuipitisha lenyewe ndipo itumike, na mabaraza yetu hayakuwa yakipitisha kilichoyapunguzia ada. Hata hivyo watu wa Nakuru walithubutu. Kizazi kile cha maofisa wa mipango kilikuwa na baiskeli na daftari, na kilijua tofauti kati ya jiko na jengo la biashara. Waliowarithi wana charta za manispaa, ofisi zilizopakwa rangi mpya na ramani za setilaiti, na kifungu cha tafsiri kisichowaruhusu kuona tofauti hiyo.

Kurekebisha mstari ule ni kazi ya Bunge la Kitaifa na Seneti, na maseneta wa Trans Nzoia na Bungoma wanaweza kuuleta mswada wa ukurasa mmoja. Lakini mabunge ya kaunti pale Kitale na Bungoma hayahitaji kuwasubiri. Ada ya kibali iko mikononi mwao kila mwaka katika Sheria ya Fedha. Waiandike sifuri kwa jengo la uani lisilozidi mita 15, na waagize fomu ya ombi ipokelewe katika ofisi ya wadi kwa barua ya chifu pale ambapo hatimiliki haijatoka.

Anayetaka kujenga kabla hayo hayajafanyika, apeleke ombi lake kwa maandishi, ahakikishe nakala anayobaki nayo imegongwa mhuri wenye tarehe, na ahesabu siku 60 kuanzia hapo. Kifungu cha 58 kiko upande wake.