Gurudumu Linalotaka Mtu

Hapa Ngerengere, mkoani Morogoro, watu wanajua magurudumu. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro 1907, inapita hapa, na treni za umeme za SGR zilizoanza kubeba abiria Juni 2024 nazo zina kituo chao. Magurudumu ya treni ni chuma kitupu kinachokwenda juu ya chuma, na njia imesawazishwa kwa ajili yake. Ila abiria anayeshuka na gunia lake akitaka kufika Matuli au Mkulazi hana njia iliyosawazishwa. Anapanda bodaboda, na uzito wake wote unakabidhiwa ringi nyembamba, habu katikati, na waya 36 zilizopishana kati ya hivyo viwili. Nataka kulisifu gurudumu hilo la spoku, na zaidi kumsifu fundi anayelifanya lizunguke sawa.

Chukua spoku moja uisimamishe chini, kisha uikandamize kwa kiganja. Inajikunja. Mtu angedhani waya wa namna hiyo hauwezi kubeba hata kuku, achilia mbali dereva, abiria na mkungu wa ndizi. Lakini spoku haikuwekwa pale isukumwe, iliwekwa ivutwe, na chuma kikivutwa kina nguvu ya ajabu. Ni kama kitanda cha kamba: kamba moja moja haina kitu, ila zikikazwa zote kwenye fremu, mtu mzima analala. Mfaransa Eugène Meyer alipata hataza ya gurudumu la waya zilizokazwa mwaka 1869. Hata hivyo, pikipiki ya Gottlieb Daimler ya mwaka 1885 ilitoka ikiwa na magurudumu ya mbao.

Gurudumu linapokanyaga ardhi, spoku za chini hulegea kidogo. Likizunguka, zinakaza tena. Kila mzunguko ni kulegea na kukaza, maelfu ya mara kabla ya saa sita mchana. Kwa sababu hiyo fundi mzuri anazikaza vya kutosha tangu mwanzo, ili hata zikipungua mvuto zisifike kulala kabisa. Iliyoachwa ikalegea ndiyo inayokatika, kwa kawaida pale kwenye kona yake inaposhika habu, maana kila shimo inashtuliwa upya. Ikikatika, mzigo wake unahamia kwa jirani zake, nao wanaanza kuchoka. Dereva anayesema imekatika moja tu, bado zipo nyingi, anahesabu kwa namna ambayo gurudumu halihesabu.

Mtazame fundi kazini. Pikipiki iko kwenye stendi kubwa, gurudumu la mbele liko hewani. Anaanza kwa kugonga spoku moja moja kwa spana ndogo na kusikiliza. Iliyokaza inalia kwa sauti nyembamba. Iliyolegea inatoa mlio butu, usio na mwangwi. Kisha anaegemeza kipande cha chaki kwenye shokapu, karibu kabisa na ringi, anazungusha polepole. Pale ringi inapocheza upande, chaki inaacha alama. Ikiwa imekwenda kushoto, anakaza spoku za kulia mahali hapo na kulegeza za kushoto, robo mzunguko wa nati, siyo zaidi. Anazungusha tena. Akimaliza upande, anaangalia kupanda na kushuka, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, kwa sababu kila anachorekebisha huku kinagusa kule. Nati zilizoshikwa na kutu anazidondoshea dizeli na kuzisubiri, akizilazimisha zitakatika. Ncha za spoku zilizotokeza ndani ya ringi anazisugua kwa tupa, halafu anazifunika kwa utepe uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, zisije zikatoboa tyubu mpya. Kazi yote hiyo inafanywa kwa vifaa vinavyoenea mfukoni.

Huo ndio uzuri wa kwanza wa spoku: inatengenezeka hapo ilipoharibikia. Njia za huku zinaharibu. Wakati wa masika tope linaficha mashimo. Wakati wa kiangazi ardhi inakauka na kuacha makovu magumu ya matairi. Ukielekea milimani, upande wa Kinole au Matombo, unakutana na mawe na makorongo. Ringi ya spoku ikipigwa na jiwe hujinyumbua kidogo, na pigo linagawanywa kwa waya nyingi. Hata pikipiki za mashindano ya porini duniani, zenye fedha ya kununua chochote, bado zinatumia spoku.

Sporti rimu, ile ya aluminiamu iliyomiminwa kipande kimoja, ilianza kuenea katika pikipiki za viwandani miaka ya 1970. Ni ngumu, inang'aa, haidai kukazwa, na kijana akiiegesha kijiweni anaonekana mtu. Lakini ikipasuka ukingoni, mashine inayochomelea mageti na madirisha ya mtaani haiwezi kazi hiyo, na hata ikipatikana inayoweza, kiungo hicho hakiaminiki tena kama mwanzo. Mara nyingi unanunua nyingine nzima.

Hata hivyo, anayesifu spoku na kunyamazia aibu zake anawadanganya abiria. Ringi yake ina tundu kwa kila spoku, kwa hiyo haishiki upepo peke yake. Lazima iwe na tyubu. Mwiba ukitoboa tyubu, upepo unaweza kutoka wote mara moja, na kama uko mteremkoni na mtu nyuma, hilo ni jambo la uhai. Sporti rimu yenye tairi lisilo na tyubu mara nyingi huvuja taratibu, na msumari unazibwa kwa nje bila kufungua gurudumu. BMW ilitafuta dawa ya tatizo hilo la tyubu mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kuzishikiza spoku kwenye kingo za ringi, nje ya sehemu inayotunza upepo, ila dawa hiyo ni ya pikipiki za bei kubwa. Zaidi ya hapo, spoku zinapata kutu, zinakusanya tope, na kuziosha ni adhabu.

Aibu kubwa kuliko zote iko kwenye hesabu ya jioni. Dereva wa pikipiki ya mkataba anatakiwa apeleke fedha kwa tajiri kila siku. Saa moja kwa fundi ni abiria waliokwenda na mwenzake. Basi anaahirisha leo, anaahirisha kesho, na gurudumu lililobuniwa lihudumiwe linaendeshwa kama lisilohitaji mtu. Tajiri anayedai hesabu kamili bila kutenga siku ya matengenezo anakula spoku zake mwenyewe.

Kwa hiyo kijana wa Ngerengere akiniuliza achukue ipi, nitamuuliza kwanza fundi wake ni nani. Kama anaye, achukue ya spoku, airudishe ikazwe baada ya siku za mwanzo, maana spoku mpya hujiweka na kulegea, kisha aipeleke tena kila masika yakiisha. Amlipe fundi bila kubishana sana, kwa sababu sikio lile halikupatikana kwa siku moja. Kama hana fundi, au hana nia ya kumtafuta, anunue sporti rimu na aende polepole kwenye mawe. Spoku haifai kwa mtu anayetaka kuitumia na kuisahau.