Nguvu za Ajabu na Gharama Zake: Msichana Shujaa katika Twilight na Akata Witch

Katika riwaya za kifantasia zinazoandikiwa vijana, suala la nani apewe nguvu za ajabu si pambo la hadithi tu. Mhusika mwenye nguvu hutenda, na asiye nazo hutendewa. Katika masimulizi mengi ya mapenzi baina ya binadamu na viumbe wasio binadamu, nguvu huwa za mvulana, ilhali msichana hubaki kulindwa, kuokolewa na kusubiri. Jibu linalotolewa mara kwa mara ni kwamba msichana naye apewe nguvu. Makala haya yanaonyesha kuwa jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi. Yanalinganisha riwaya nne za Stephenie Meyer, kuanzia Twilight (2005) hadi Breaking Dawn (2008), na Akata Witch (2011) ya Nnedi Okorafor, kwa kuzingatia maswali matatu: msichana anazipata nguvu lini, kwa gharama gani, na kwa manufaa ya nani?

Katika Twilight, Bella Swan ndiye msimulizi, lakini nguvu ziko kwa wanaomzunguka. Edward, mnyonya damu anayempenda, husoma mawazo ya watu. Alice huona yajayo. Jasper hutawala hisia za wengine. Bella hujikwaa hata pasipo kikwazo, na mapema katika riwaya Edward anamwokoa asigongwe na gari. Hata hivyo, Meyer anapanda mbegu tangu mwanzo: akili ya Bella ndiyo pekee ambayo Edward hawezi kuisoma. Mbegu hiyo haioti hadi riwaya ya nne. Kabla ya kuipata nguvu yake, Bella anaolewa, anabeba mimba inayomdhoofisha, na anajifungua katika hali inayomfikisha ukingoni mwa kifo. Ndipo anapogeuzwa mnyonya damu, na akili yake inakuwa ngao inayowakinga mumewe, mtoto wake na jamaa zao dhidi ya Volturi.

Si haki kudai kwamba ngao hiyo ni nguvu duni, kwani pasipo hiyo familia nzima ingeangamia. Kulinda ni kutenda. Tatizo ni njia inayomfikisha Bella hapo: nguvu inamjia kama tuzo ya ndoa na uzazi, na kazi yake kuu ni kuihifadhi nyumba aliyoolewa.

Ushahidi wa hoja hii umo katika kazi nyingine ya Meyer mwenyewe. Mwaka 2015 alichapisha Life and Death, ambamo jinsia za takriban wahusika wote zimegeuzwa: Bella amekuwa Beau, na Edward amekuwa Edythe. Katika utangulizi, Meyer anajibu lawama kwamba Bella ni msichana wa kuokolewa tu. Utetezi wake ni kuwa udhaifu huo ni wa binadamu yeyote aliye miongoni mwa viumbe wenye nguvu kumzidi. Utetezi huo una uzito, kwani Beau naye huokolewa. Lakini miisho ya vitabu hivyo inatofautiana. Beau anageuzwa mnyonya damu mwishoni mwa kitabu hicho kimoja, bila ndoa wala mtoto. Bella anangoja vitabu vinne. Inaweza kujibiwa kwamba Life and Death inasimama peke yake na ilihitaji hitimisho. Hata hivyo, msomaji anabaki na picha mbili: mvulana anavuka mpaka kwa ajali ya safari yake, na msichana anauvuka kwa kupitia chumba cha uzazi.

Okorafor anaanzia kwingine. Sunny Nwazue ana umri wa miaka 12, alizaliwa New York na anaishi Aba, Nigeria. Ana ualbino, na kwa sababu ya jua hucheza mpira wa miguu usiku tu. Anapogundua kuwa ni mmoja wa Watu Chui, yaani jamii ya siri yenye uchawi, nguvu hazimjii kupitia mpenzi. Zinamjia kupitia mafunzo. Katika jamii hiyo, kila anayejifunza jambo huangukiwa na vipande vya metali ambavyo ndivyo fedha yao. Elimu ndiyo utajiri. Aidha, kile ambacho wengine hukiita kasoro ndicho chimbuko la kipawa. Orlu, anayetatizwa na kusoma, ana kipawa cha kutengua uchawi. Sunny, anayekodolewa macho kila aendapo, anaweza kutoonekana.

Hapa pana hatari inayomgusa moja kwa moja msomaji wa Tanzania, ambako watu wenye ualbino wameshambuliwa na kuuawa kwa imani kwamba viungo vyao vina nguvu za kuleta utajiri. Je, kumpa msichana mwenye ualbino uchawi si kuithibitisha imani hiyo? Muundo wa riwaya unakataa. Nguvu ya Sunny haimo katika kiungo kinachoweza kukatwa na kuuzwa. Imo katika nafsi yake, na ni yeye pekee awezaye kuitumia. Anayewageuza watoto kuwa malighafi ya uchawi ni Black Hat Otokoto, na huyo ndiye adui ambaye Sunny na wenzake wanatumwa kumkabili. Okorafor hakuikwepa imani hiyo. Ameichukua na kumpa mtoto umiliki wa kile ambacho wauaji hudai kuwa chao.

Akata Witch nayo ina upungufu wake. Sunny ana asili ya uchawi kupitia bibi yake, na wazee ndio wanaowatuma watoto kwenye hatari ya kufa. Msichana asiye na nasaba ya ajabu bado hana nafasi katika kazi zote mbili.

Kwa kuhitimisha, kumpa msichana nguvu ni hatua ya kwanza tu. Bella anaipata yake baada ya kuwa mke na mama. Sunny anaipata yake angali mwanafunzi, na anaijenga kwa kujifunza. Kwa msomaji wa miaka 12, tofauti hiyo ndiyo inayomwambia iwapo uwezo wake unaanza leo au atakapoolewa.