Koili Ndogo na Robo ya Sarafu

Mjomba wangu alikuwa fundi wa kusuka mota Gerezani, Dar es Salaam. Watu walimletea mota za pampu na za mashine za kusaga zilizoungua, naye aliuvua waya uliogeuka mweusi, akahesabu mizunguko yake, akaiandika hesabu kwa chaki ukutani, kisha akasuka upya kwa waya mpya wa shaba. Mimi nilikaa chini nikimshikia kibunda cha waya kisije kikajisokota. Alinionya kwamba ukipunja mizunguko kumi, mota itaunguruma na kupata moto, na mwenyewe ataileta tena kesho yake asubuhi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, mzee mmoja ambaye huwa natafuta naye sarafu za kale mashambani alinionyesha koili ya ditekta ya metali iliyopasuka. Ndani yake mlikuwa na waya uleule wa mjomba: mwembamba, wa rangi ya kahawia, unang'aa kwa vanishi, umefungwa kwa uzi na kumwagiwa gundi iliyokauka ikawa ngumu kama jiwe. Tangu siku hiyo sijamuuliza mtu ana ditekta gani. Namuuliza amefunga koili gani.

Anayeanza kazi hii hulitazama sanduku la juu, lile lenye kioo na namba. Hulitolea fedha nyingi, kisha akaitumia koili iliyokuja nalo miaka na miaka bila kuifikiria. Lakini sanduku halijui kitu ila kile lilicholetewa na koili. Sahani ile ya chini, inayopita juu ya udongo kama mkono wa mtu anayepapasa kitandani gizani, ndiyo inayopeleka na ndiyo inayopokea. Ndani yake mna misuko miwili. Wa kwanza hupitishiwa umeme unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde, na umeme huo huzaa uga wa sumaku unaozama ardhini. Uga ukikuta metali, ndani ya metali huzuka mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo nao hurudisha uga wake, dhaifu mno. Kazi ya msuko wa pili ni kulisikia jibu hilo. Taabu ni kwamba msuko wa kwanza uko hapohapo jirani, unavuma bila kupumzika. Basi fundi wa koili huipanga misuko hiyo miwili kwa namna ambayo wa pili hausikii chochote kutoka kwa wa kwanza. Huisogeza kwa unene wa unywele, akipima, hadi kimya kipatikane, ndipo gundi humwagwa. Mjomba angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa mara mbili.

Kuna kisa ninachowasimulia wote wanaoanza. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari hawakujua ilikokaa mwilini. Alexander Graham Bell, ambaye tayari alikuwa na jina kwa sababu ya simu, alileta kifaa cha misuko iliyosawazishwa, babu wa ditekta zetu za leo. Alipokipitisha juu ya mgonjwa, kilitoa sauti zisizoeleweka. Godoro lilikuwa na springi za chuma, na daktari aliyesimamia alimruhusu kupima upande wa kulia tu, alikoamini risasi iko. Risasi ilikuwa kushoto. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba mwaka huohuo. Kifaa kilikuwa kizima na fundi alikuwa mahiri. Hakuna aliyekuwa ameuliza kitanda kimetengenezwa kwa kitu gani.

Nami nikisimama kwenye shamba jipya, swali langu la kwanza ni hilohilo la kitanda. Magharibi mwa Norfolk kuna jiwe la mchanga lenye chuma, jekundu kama tangawizi iliyokaangwa, liitwalo carstone. Nyumba za vijiji vya huko zimejengwa kwa jiwe hilo. Mtu asiyesoma jiolojia hata siku moja anaweza kuutazama ukuta wa nyumba kando ya barabara akajua udongo wa shamba la nyuma yake utamsumbua vipi. Udongo wenye chuma hujibu wenyewe, kila hatua, kama vile nao ni sarafu.

Hapo ndipo umbo la koili linapoanza kuwa na maana. Koili ya konsentriki ina msuko mkubwa wa duara na mwingine mdogo katikati, kama kisahani ndani ya sahani. Uga wake huzama ukichongoka kama pia. Katika udongo mpole inapendeza kutumia: kitu kiko chini ya kitovu cha koili, unachimba palepale, na namba ya kwenye kioo haiyumbi. Ila pia ile yote imejaa udongo, na udongo ukiwa mkali, kelele inakuwa nyingi. Koili ya DD imetengenezwa kwa misuko miwili yenye umbo la herufi hiyo, migongo yake imepandana katikati. Uga wake ni mwembamba na mrefu, umesimama kama panga kutoka ncha ya mbele ya koili hadi ya nyuma. Kwa kila nukta ya wakati inagusa udongo kidogo zaidi, kwa hiyo inatulia pale ambapo konsentriki inapiga makelele. Watafutaji wengi wa Uingereza wamehamia DD, nami nimo. Hata hivyo nisingemshawishi mwenye malisho ya udongo safi aitupe konsentriki yake.

Ukubwa ndio unaowapoteza wengi. Mtu husikia kwamba koili ya inchi 15 inazama zaidi, akainunua akidhani sasa atazifikia sarafu zote zilizowashinda wenzake. Inazama zaidi, ni kweli, lakini tazama gharama yake. Nguvu ya uga hupungua upesi inaposafiri kwenda chini, na jibu la sarafu hupungua upesi vilevile linaporudi juu. Kitu kidogo kilicho mbali, ukiuongeza umbali wake mara mbili, jibu lake hudhoofika kiasi cha mara 64. Kwa hiyo koili iliyoongezwa ukubwa maradufu haikupi kina maradufu. Inakupa kina kidogo cha nyongeza, pamoja na kila msumari, kila kisoda na kila kipande cha karatasi ya fedha kilichomo katika eneo lote lililo chini yake, vyote vikisema kwa wakati mmoja. Vitu vyembamba na vidogo haivisikii vizuri. Na inaelemea: uzito uliopachikwa mwisho wa fito ndefu huongezeka mkononi, na kufikia saa nane mchana bega linakwambia urudi nyumbani.

Kuna shamba moja ninalolipenda kando ya kanisa la mawe ya gumegume. Zamani palikuwa na makazi. Sasa ni ngano tu, lakini udongo umejaa misumari ya kufuliwa kwa mkono. Nililipita miaka mitatu, kila baada ya mavuno, nikiwa na koili ya inchi 11. Nilipata vifungo, risasi za mviringo za bunduki za kale, na mguno wa chuma usiokwisha. Mwenzangu aliniambia shamba limekwisha. Mwezi wa Novemba uliofuata, baada ya plau kupita, nilifunga koili ya DD ya inchi 5, ndogo kama kisahani cha kikombe cha chai, nikajiwekea sharti la kutembea nusu unyayo kwa kila mpapaso.

Kutembea hivyo kunachosha kuliko kutembea haraka. Koili inakwenda sambamba na ardhi, kidole kimoja tu juu yake, bila kunyanyuliwa mwishoni mwa kila mpapaso kama watu wanavyofagia. Mpapaso mmoja unapanda juu ya uliotangulia, maana panga la uga likizama linazidi kuwa fupi. Kwa saa nzima nilisikia mguno, mguno, mguno. Kisha katikati ya miguno miwili ikapita silabi moja ya juu, fupi, kama kifaranga aliyefichwa ndani ya kapu. Nilipapasa tena; ikawepo. Niligeuka robo ya mzunguko, nikapapasa kwa upande mwingine. Ikapotea, ukabaki mguno peke yake. Nikarudi mkao wa kwanza, ikarudi. Koili kubwa ingeimeza misumari na silabi ile kwa pamoja, na kwangu ingefika kama chuma tupu. Ndivyo ilivyokuwa imefika miaka mitatu yote.

Nilikata bonge la udongo kama sentimita 8. Ulitoka msumari wa pembe nne, umevimba kutu. Chini yake kidogo palikuwa na kitu cheusi chenye pembe tatu, kidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Nilikiweka kiganjani nikakimwagia matone ya maji. Ukatokea mkono mmoja wa msalaba, mrefu, umefika hadi ukingoni, na kando yake vinundu vitatu.

Ilikuwa robo ya peni ya fedha ya wakati wa Mfalme Henry III. Msalaba unaofika ukingoni ulianza kupigwa kwenye sarafu hizo mwaka 1247. Kabla ya robo na nusu za duara kuanza kutolewa kwa wingi miaka ya 1279 na 1280, mwenye peni moja aliyehitaji chenji aliikata kwa kufuata mikono ya msalaba, na jina la Kiingereza la kipande hicho, farthing, maana yake ni robo tu. Mkasi wa mtu huyo ulikwenda mrama kidogo: upande mmoja wa pembetatu ni mnene kuliko mwingine. Kipande chote hakifiki nusu gramu. Kiswahili kinaita metali ile na kile cha kununulia kwa neno moja, fedha, na kwa mkulima aliyekiangusha pale havikuwa vitu viwili. Nilisimama na kipande kile mkononi mpaka matone ya maji yakakauka.

Mambo mengine ya koili nitayapitia upesi. Waya wake uzungushwe kwenye fito ukazwe, kwa sababu waya unaoning'inia na kupigapiga huleta milio ya uongo. Kifuniko chake cha plastiki kifunguliwe na kuoshwa, kwani mchanga wenye chuma hujikusanya ndani na kusafiri nawe siku nzima. Kwenye mabua ya ngano yaliyokatwa, koili ya umbo la yai hupenya kati ya mistari, ya duara inakwama. Na usinunue koili kwa kuwa plagi yake inaingia. Kila mashine imepangwa kwa msuko wa kipimo chake, na hapa lile onyo la mjomba kuhusu mizunguko kumi linabaki vilevile. Fedha ukiwa nazo kidogo, nunua koili ya pili ndogo kabla ya kuota mashine ya pili.

Ninayo sababu nyingine ya kuipenda koili ndogo, nayo kwangu ni nzito kuliko zote. Udongo wa juu wa shamba, ule unaogeuzwa na plau kila mwaka, una kina cha kama sentimita 25. Vitu vilivyomo humo vimekwisha kuhama mahali pake, vinagongwa na chuma na kuliwa na mbolea. Kuvitoa ni kuviokoa. Chini ya hapo kuna udongo ambao haujaguswa, na humo mahali kitu kilipolala ni habari sawa na kitu chenyewe. Huko ni kwa mwanaakiolojia na mwiko wake na kitabu chake. Koili ambayo usikivu wake unaishia kwenye tabaka la plau inanitosha.

Novemba 1992, huko Hoxne, Suffolk, Eric Lawes alikwenda shambani na ditekta kumtafutia rafiki yake nyundo iliyopotea, akakuta dhahabu na fedha za Kirumi. Aliacha kuchimba, akatoa taarifa, na kesho yake wanaakiolojia wakaitoa hazina pamoja na udongo wake: sarafu karibu 15,000, vito na vijiko, vikiwa bado vimepangana kama vilivyowekwa kwenye sanduku. Nyundo nayo ilipatikana, na iko British Museum. Sheria ya Hazina ya 1996 inamtaka mpataji wa hazina aitaarifu mamlaka ndani ya siku 14, na mpango wa kuandikisha vitu vya kale ulioanza 1997 sasa una kumbukumbu za vitu zaidi ya milioni moja na nusu, vingi vikiwa vimeletwa na watu wa kawaida wenye matope magotini. Robo yangu haikuwa hazina kisheria, kwa kuwa ilikuwa peke yake. Niliipeleka hata hivyo, ikapigwa picha, ikapimwa, na mahali ilipotoka pakaandikwa.

Ndugu zangu wa Geita na Chunya wanaotafuta dhahabu kwa ditekta wanaijua koili kwa njia yao, kwa mashine zinazopiga pigo la umeme kisha kusikiliza baada ya pigo kuisha, kwenye udongo mwekundu ambao ungeiziba masikio mashine yangu. Hao sina la kuwafundisha. Neno langu ni kwa msomaji wa pwani. Usiende na ditekta Kilwa, Gede, Tongoni, wala kwenye gofu lolote la mji wa kale. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964 na Kenya ina yake ya 2006, na huko karibu kila kitu bado kiko kwenye tabaka lisiloguswa. Lakini ukilima shamba lako na jembe likaibua kisarafu cha shaba, chembamba, chenye maandishi ya Kiarabu, huenda ni cha masultani wa Kilwa, ambao maneno ya sarafu zao upande mmoja yalitungwa yapate vina na ya upande wa pili. Usikisugue. Usikitie ndimu. Weka kijiti pale kilipotoka, kifunge kwenye karatasi kavu, ukipeleke ofisi ya Mambo ya Kale au makumbusho iliyo karibu nawe, na uwaonyeshe kile kijiti.