Mwendo wa Kasi kwa Bei Nafuu: Uchambuzi wa Datsun 510

Aghalabu mtu anayetafuta gari la kwenda nalo kazini, kupeleka watoto shule na kusafiria sikukuu inapowadia, naye moyoni anatamani liwe jepesi la mwendo, huanza kwa kuuliza lina nguvu za farasi ngapi. Na muuzaji, kwa kuwa swali hilo ndilo rahisi kujibika, humtajia hesabu kubwa naye akaridhika. Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo halistahiki kutangulia, kwani mwendo wa gari la kila siku hutegemea zaidi mahali ambapo waliolitengeneza walikubali kutumia fedha, na mahali ambapo walijizuia. Burhani yangu ni gari moja lijulikanalo sana na mafundi, nalo ni Datsun 510, lililotolewa na kampuni ya Nissan huko Japani mwezi wa Agosti 1967 kwa jina la Bluebird, likapata kwa bei ya mtu wa wastani tabia zilizokuwa zikipatikana kwa wenye ukwasi tu.

Ili kufahamu jambo lililofanyika hapo, yafaa kwanza tujue hali ya magari ya zama zile. Gari la bei nafuu lilikuwa na injini ambayo valvu zake husukumwa kwa vijiti virefu kutoka chini, na magurudumu yake mawili ya nyuma yalifungwa katika ekseli moja nzima iliyokalia springi za vyuma bapa. Ford Cortina, iliyoenea mno katika miji yetu, ilikuwa na mpango huo wa nyuma, na mpango wenyewe si mbaya, kwani ni imara, ni rahisi kutengeneza na huvumilia mizigo. Upande wa pili Wajerumani walikuwa wameonyesha mwaka 1966 gari la BMW 1600, ambalo kila gurudumu lake lilijitegemea na kamshafti yake ilikuwa juu ya injini, lakini huko Marekani liliuzwa kwa dola zilizokaribia 2,500. Nissan walikusudia kuyapata mambo hayo yote katika gari ambalo bei yake ya mwanzo katika soko hilohilo ilikuwa dola 1,996, wala hapakuwa na njia ya kulifikia lengo hilo ila kuchagua kwa makini sana.

Fedha za kwanza zilitumika katika injini. Yutaka Katayama, aliyekuwa mkuu wa biashara ya Nissan huko Marekani, alishikilia kwamba injini ndogo ya sentimita za ujazo 1,300 iliyotosha barabara za Japani haingefaa kwa njia kuu za Marekani, akaomba ya 1,600 mpaka akapewa. Injini hiyo, iitwayo L16, ina ujazo wa 1,595, bloku yake ni ya chuma cha kalibu na kichwa chake ni cha alumini, krankshafti yake imeshikwa na beringi kuu tano, na kamshafti imewekwa juu ikizungushwa kwa mnyororo, hata valvu zikaweza kufuata mwendo wa injini bila ya uzito wa vijiti vya kusukumia. Upana wa silinda ni milimita 83, ilhali pistoni husafiri milimita 73.7 tu kutoka chini hadi juu, na hapo ndipo penye hekima iliyofichika. Kwani injini izungukapo mara 6,000 kwa dakika, wastani wa kasi ya pistoni huwa mita 14.7 kwa sekunde, na lau safari yake ingalikuwa ndefu sawa na upana wa silinda, kasi hiyo ingalifika mita 16.6, pamoja na joto, msuguano na uchakavu utokanao nayo. Kwa namna hiyo injini ikawa tayari kuzunguka upesi pasipo kuhitaji madini ghali, na Wamarekani wakauziwa nguvu za farasi 96, kwa kipimo cha wakati ule, kutoka katika kabureta moja tu.

Fedha za pili, nazo kwa maoni yangu ndizo zilizozaa matunda makubwa zaidi, zilitumika chini ya gari. Mtu akiinama nyuma ya Datsun 510 ya saluni na kutazama, hataona ekseli nzima. Ataona difu imefungwa katika fremu ndogo iliyoshikamana na bodi, na pande zake mbili zimetoka shafti fupi zenye viungo, ambazo huweza kurefuka na kufupika kidogo kila gurudumu linapopanda na kushuka, na kila gurudumu limebebwa na mkono wake wa chuma uliokaa mshazari, juu yake pana springi ya koili na shokomzoba. Maana yake ni kwamba gurudumu la kushoto likipiga jiwe au likitumbukia shimoni, la kulia halina habari, hubaki limekanyaga barabara kama lilivyokuwa; na zaidi ya hayo, uzito wa difu, ambao katika gari la ekseli nzima hurukaruka pamoja na magurudumu, hapa umebebwa na bodi, basi springi zikapata kazi nyepesi na tairi zikashika ardhi vizuri zaidi. Dereva wa gari la namna hii huingia katika kona yenye mawimbi bila ya kupunguza mwendo kwa hofu, na mwendo usiopunguzwa ni mwendo uliopatikana bure, pasipo kuongeza hata tone moja la petroli.

Wangalipata wapi fedha za kugharimia mambo hayo, maadamu bei haikuruhusiwa kupanda? Walizipata kwa kujinyima mapambo. Bodi ni ya sanduku, mistari yake imenyooka, ndani mna viti vya kawaida na vipimo vichache. Breki za mbele ni za diski kwa kuwa hapo ndipo uzito mwingi huegemea gari linaposimama, lakini za nyuma zimeachwa kuwa za ngoma. Na hata gari lenye mwili mrefu wa kubebea mizigo lilirudishiwa ekseli nzima na springi bapa, kwa kuwa mnunuzi wake alitaka kubeba kuliko kukimbia. Kujinyima huko kulileta faida ya pili, nayo ni wepesi: gari la milango miwili lilikuwa na uzito wa takriban kilo 950, hivyo kila nguvu moja ya farasi ilikuwa na kilo zisizozidi kumi za kuvuta.

Ushahidi wa mpango huu haukukawia, na sehemu yake kubwa ilitokea kwetu. Mashindano ya Safari, yaliyoasisiwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yalikuwa yakipita katika vumbi na tope la Afrika Mashariki, mahali ambapo gari dhaifu hufichuka mapema. Na Pasaka ya mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliyashinda kwa Datsun 1600 SSS, ndugu ya gari hilihili mwenye kabureta mbili, na Nissan wakatwaa pia tuzo ya timu za watengenezaji. Ni kweli kwamba gari la mashindano huimarishwa kwa namna nyingi, lakini hakuna uimarishaji uwezao kulipa gari msingi lisilokuwa nao. Huko Marekani nako kikosi cha Pete Brock, dereva wake akiwa John Morton, kilitwaa ubingwa wa Trans-Am wa magari yasiyozidi lita 2.5 katika miaka ya 1971 na 1972, kikiyashinda magari ya Alfa Romeo yaliyokuwa na jina kubwa kuliko lake.

Insafu yataka tutaje na kasoro. Mikono ya nyuma iliyokaa mshazari hubadilisha mwelekeo wa gurudumu linapopanda, hata dereva akiachia mafuta ghafula katikati ya kona, nyuma huweza kutaka kuitangulia mbele. Na mwenye kuishusha bodi kwa kutafuta umbo huona magurudumu ya nyuma yameinamia ndani na tairi zinaliwa upande mmoja, kwa kuwa kiwanda hakikuweka mahali pa kurekebisha mwinamo huo. Hizo ndizo ada zilizolipwa kwa unafuu, na mtu mwenye kuzijua huishi nazo kwa salama.

Mnunuzi wa leo, anayesubiri gari lake lishuke Mombasa au Dar es Salaam kutoka Japani, aweza kuchukua kutoka hapa kanuni iliyo wazi. Na agawe kwanza uzito kwa nguvu, wala asizitazame nguvu peke yake: gari refu la kisasa lenye kilo 1,500 na nguvu za farasi 150 lina kilo kumi kwa kila farasi, yaani halikuipita Datsun ya mwaka 1968 kwa hesabu hiyo, ingawa bei yake na petroli inywayo ni mbali kabisa. Suzuki Swift Sport iliyotoka Japani mwaka 2017, kwa upande wake, ikiwa ya gia za mkono ina kilo 970 na nguvu 140, basi kila farasi huvuta kilo saba pasipo kutimia. Na ukiitazama utaona ni fikra ileile ya gari dogo la nyumbani, lililopewa injini hodari na miguu imara, likanyimwa uzito usiokuwa na kazi.

Baada ya uzito na aulizie miguu: shokomzoba, bushi, boljointi, breki na tairi, kwani gari lililotumika miaka saba aghalabu injini yake bado nzima lakini miguu imechoka, nalo hutikisika katika mwendo ambao lilipokuwa jipya lilikwenda kwa utulivu. Kwa sababu hiyo namnasihi mwenye akiba ya wastani asiimalize yote katika bei ya kununulia. Afadhali achukue gari la daraja moja chini ya lile aliloliazimia, kisha kilichobaki akitumie kwa tairi nzuri, shokomzoba mpya na breki za kuaminika. Nguvu za farasi na ziulizwe baada ya hayo yote kujulikana, maana ndipo mnunuzi atakapojua ngapi zinamtosha, na mara nyingi ataona zinazomtosha ni chache kuliko alizokuwa tayari kuzilipia.