Kuchagua kwa Zamu

Kila mwaka, ufuta ukishapigwa na kupepetwa, na magunia yakishapelekwa ghalani kungoja mnada, hapa Kiranjeranje hutujia majuma machache ya faragha ambayo mkulima aliye mzee hana la kuyafanyia ila kuketi barazani jioni na kuyahesabu mabasi ya Lindi na Mtwara yapitayo. Wenzetu hucheza bao, na wengine karata. Lakini mimi na mtani wangu, ambaye ujana wake aliumalizia katika kazi za bandari ya Mombasa kama mimi nilivyoumalizia wangu Dar es Salaam, tuna mchezo ambao watoto wa jirani wameuhukumu kuwa ni wazimu wa watu wawili: huunda timu za kriketi ya siku moja kwa watu ambao baadhi yao ni marehemu, baadhi yao ni wazee mfano wetu, na ambao hawatakutana wote katika kiwanja chochote cha dunia hii.

Kanuni zake ni chache. Mmoja huficha korosho kiganjani, na mwenziwe akibahatisha mkono uliomo, huchagua kwanza. Wa kwanza hutwaa mtu mmoja, wa pili hutwaa wawili, kisha wawili wawili kwa zamu hata kila upande utimie watu kumi na mmoja, na aliyekwisha kutwaliwa hatwaliwi tena. Vijana wa chandimu hufanya vivyo hivyo kila alasiri, na sidhani yupo mwanamume wa pwani hii ambaye hajapata kusimama katika kundi akiomba kimoyomoyo asiwe wa mwisho kuitwa. Sisi tumeongeza masharti mawili tu: mchezaji awe ameichezea Afrika Mashariki au Kenya katika mechi ya kimataifa ya siku moja, tena huja na umri wake wote, ubichi wake na ukomavu wake pamoja.

Kuna aliyeniuliza kwa nini tujinyime, ilhali ulimwengu umejaa mafahali. Najua yupo Sachin Tendulkar, mwanamume wa kwanza kufikisha mikimbio 200 katika mechi moja ya namna hii, huko Gwalior mwaka 2010; najua yupo Vivian Richards, aliyewapiga Waingereza 189 pale Manchester mwaka 1984 na asitolewe; najua na Wasim Akram, mwenye wiketi zaidi ya 500. Lakini mwenye kuteka katika kisima kilichofurika hasifiwi kwa kujua kuteka. Ukimkosa Tendulkar utampata Richards, ukimkosa Richards utampata mwingine ambaye mji mzima ungemtolea zawadi, na kosa lako halitaonekana hata na adui yako. Ghala letu sisi ni dogo, na mlango wake umefungwa: lilipokea shehena moja mwaka 1975, likakaa, likapokea tena kuanzia mwaka 1996, na tangu mwaka 2014, Kenya ilipopoteza hadhi ya kucheza mechi hizo, halijaingia gunia jipya. Katika uhaba wa namna hiyo kila jina lina thamani yake, na kila jina unaloliacha unalipeleka kwa mkono wako mwenyewe katika timu ya hasimu.

Hapo ndipo ulipo ustadi ninaotaka kuusifu. Watu hudhani kwamba mchaguzi hodari ni yule awajuaye walio bora. Hao kila mtu awajua, maana hesabu zao zimeandikwa. Mchaguzi hodari ni yule ajuaye kuacha: aliyemtazama mtu amtakaye kwa moyo wote, akampita, akatwaa mwingine, kwa yakini kwamba yule wa kwanza atamkuta palepale zamu itakaporudi. Na yakini hiyo haitoki katika hesabu za kriketi. Hutoka katika kumjua aliyeketi mbele yako, haja yake ni nini, hofu yake ni nini, na ni wapi mapenzi yatamtia upofu.

Msimu uliopita nilibahatisha mkono wenye korosho, nikamtwaa Steve Tikolo, kama atakavyomtwaa kila mwenye akili timamu. Kandy, mwaka 1996, Sri Lanka walipopata mikimbio 398, ambayo siku ile ilikuwa rekodi ya dunia, na Kenya wakaingia kujibu lisilojibika, Tikolo alipiga 96 kwa utulivu wa mtu asiyeusoma ubao wa matokeo. Mtani wangu naye akatwaa wawili wake: Aasif Karim na Maurice Odumbe.

Kwamba angemtwaa Karim nilijua kabla hajafumbua kinywa. Karim ni mzaliwa wa Mombasa, na mtani wangu humsimulia kama mtu asimuliavyo habari za shemeji yake. Mwaka 2003 alikuwa amekwisha kustaafu, akaitwa arudi, na pale Durban, akiwa na umri wa miaka 39, akawarushia Waaustralia, mabingwa wa dunia wa zama zile, ova 8 na mipira 2. Katika ova hizo, 6 hazikutoa hata mkimbio mmoja, mikimbio yote aliyotoa ilikuwa 7, na wiketi alizopata 3, mojawapo ya nahodha wao Ricky Ponting. Kenya walishindwa mechi ile, na bado mchezaji bora wa siku alikuwa yeye. Mipira yake haikuwa na kasi yoyote ya kutisha. Ilikwenda polepole, kama mzee aendaye msikitini mapema, asiye na sababu ya kukimbia. Nilimwachia kwa roho safi, maana nilijua kwamba mapenzi yale yatamgharimu zamu ya mapema ambayo mimi ningeitumia penginepo.

Odumbe ndiye aliyetuletea mjadala. Ni yeye aliyekuwa nahodha siku ile ya Pune, tarehe 29 Februari 1996, Kenya walipopata mikimbio 166 tu, 37 kati yake ikiwa ya bure, kisha wakawatoa West Indies wote kwa 93. Rajab Ali alimtoa Brian Lara akiwa na mikimbio 8, na Odumbe mwenyewe akatwaa wiketi 3 kwa mikimbio 15. Na ni huyohuyo ambaye mwaka 2004 alifungiwa miaka 5 kwa ajili ya mahusiano yake na watu wa kamari. Nikamwambia mtani kwamba timu ya milele haifai kuanza na doa. Akanijibu, “Bwana wee, mimi nachagua wachezaji, sichagui maimamu.” Kusema kweli nimelifikiri jibu hilo tangu siku ile na sijalipatia dawa; sharti letu lasema mtu huja na umri wake wote, na mimi ndiye niliyelitunga.

Zamu iliporudi nikamtwaa Thomas Odoyo, ambaye hurusha na kupiga, na kwa hiyo hujaza nafasi mbili kwa jina moja. Na Collins Obuya, ambaye ni ajabu zaidi. Mwaka 2003 pale Nairobi mipira yake ya kuzunguka iliwatoa Wasri Lanka 5 kwa mikimbio 24, na Kenya wakaendelea hata nusu fainali ya Kombe la Dunia; mwaka 2011, pale Bangalore, mtu yuleyule, sasa akiwa mpigaji, alisimama mbele ya Waaustralia hadi mwisho akiwa na mikimbio 98, bila kutolewa, mikimbio 2 tu pungufu ya mia. Nani mwingine atakupa watu wawili waliopishana miaka minane ndani ya fulana moja?

Wa mwaka 1975 wanataka jicho jingine. Walikusanywa kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakaenda Uingereza katika Kombe la Dunia la kwanza chini ya nahodha Harilal Shah, wakati kila upande ulipokuwa ukipewa ova 60, wakashindwa mechi zote tatu. Siku ya kwanza, mjini Birmingham, Glenn Turner wa New Zealand alipiga peke yake 171, na timu yetu nzima ikapata 128. Lakini katika hizo 128 Frasat Ali alipata 45, na mtu asimamaye peke yake nyumba ikibomoka simwachi nje. Nikamtwaa yeye, na baadaye John Nagenda wa Uganda, mrushaji ambaye alikuwa pia mwandishi, kwa kuwa timu haikosi kuhitaji mtu wa kuyaandika yaliyotokea, hasa ikishindwa.

Sasa nieleze hila yangu. Mtani alikuwa amekwisha kumtwaa Kennedy Otieno, mlinda wiketi ambaye mwaka 1997 aliwapiga Bangladesh mikimbio 144. Timu haina kazi na walinda wiketi wawili, kama jahazi lisivyo na kazi na masukani wawili. Basi tangu dakika ile walinda wiketi wote waliobaki walikuwa wangu, wakiningoja kama nguo zilizoanikwa uani. Na miongoni mwao alikuwamo Praful Mehta, Mtanzania, mmoja wa wawili tu waliotoka kwetu mwaka 1975, mwenziwe akiwa Shiraz Sumar. Miaka iliyopita nilikuwa nikimtwaa Mehta mapema kwa mapenzi ya nchi, nikapoteza zamu na kuchekwa. Safari hii nilimpita mara tisa. Sikulitaja jina lake, wala sikulitazama pale kwenye daftari letu la majina.

Mtani akabakiwa na zamu moja kabla ya yangu ya mwisho. Akanywa kahawa yake, akautazama mkorosho kwa muda, akasema, “Mehta.”

Nikamwambia, “Lakini unaye Otieno!”

“Otieno atalinda,” akasema. “Mehta atapiga tu. Siku zote wewe humtaja wa kwanza. Leo umekaa kimya tangu alasiri.”

Nikamtwaa Tariq Iqbal, aliyeudaka ule mpira wa Lara pale Pune, na pamoja naye Sumar, nisije nikalala bila mtu wa nyumbani. Kisha nikadai turudie tangu mwanzo. Mtani akafungua kiganja kunionyesha: korosho alikuwa amekwisha kuila.